Funga Mlango Kwanza

Tarehe 14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na binti yako mzima, tena kala na kashiba kabla sijakaa kuandika. Nyinyi huko hamjambo? Mgongo vipi? Ile cherehani iliyokuwa inakula uzi imepona, au bado mnagombana nayo?

Kasuku amepokelewa vizuri. Bwenini amepata kitanda cha juu, upande wa dirisha, na tayari amewaambia wenzake wamuite Kasuku. Nilidhani akifika chuoni ataona haya, lakini wapi! Jana amewakariria tangazo zima la sabuni la redioni, mpaka kikohozi cha mtangazaji, bweni lote likacheka. Mwanao yuleyule.

Na mimi kazi yangu mpya imeanza. Uliponiuliza mwalimu wa kuandika anatafuta nini kwenye chuo cha wauguzi na mafundi umeme, sikukujibu vizuri, basi leo nakujibu. Chuo kimeamua kuandika kufundishwe katika kila somo. Si kwamba mimi nipite na insha zangu, la. Kila mwalimu, katika somo lake, awaandikishe wanafunzi yale waliyoyaona na kuyafikiri siku hiyo, kwa maneno yao wenyewe. Mimi ndiye wa kuwaonyesha walimu namna ya kufanya.

Lakini walimu wenyewe, dada, weee! Mkuu wa idara ya uuguzi wanamwita Mama Notisi. Ana daftari moja lenye jalada la plastiki, analisoma polepole, na wanafunzi wananakili. Anatamka mpaka nukta. "Mgonjwa alazwe chali, nukta, mstari mpya." Juzi alipiga chafya katikati ya sentensi, nikachungulia daftari la aliyekaa karibu nami kuona kama nayo imeandikwa. Siku ya mtihani wanamrudishia maneno yake mwenyewe, naye anawapa alama. Hiyo ndiyo elimu tuliyonayo. Nataka kuivunja, na Mungu akinijalia nitaanza na Kasuku wetu. Akili ile isiishie kukariri.

Unijibu kwa barua, simu zako ni kelele za cherehani tupu. Na tafadhali, mara ya mwisho ulinisalimia ukurasa mzima, nikafika nyuma ya karatasi ndipo nikajua kuwa paa lenu linavuja. Anza na jambo lenyewe, salamu zije baadaye.

Mdogo wako


Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya tatu, maana nimesikia salamu zinakuudhi. Hujambo? Nyumba haijambo? Kuku wako hawajambo? Huna kuku? Basi wasalimie wa jirani. Mgongo wangu hajambo, anakusalimu. Cherehani inakusalimu, imepona. Nikimaliza ukurasa huu nitaanza jambo.

Haya, nimekuonea huruma. Jambo lenyewe ni hili.

Nimefurahi kusikia habari za kazi yako, na huyo Mama Notisi umenichekesha mpaka nikajidunga sindano. Lakini nikishacheka nakumbuka kuwa mwanangu ni mwanafunzi wake. Mdogo wangu, mimi niliye naye ni huyu binti tu. Baba yake hayupo. Macho yangu unayajua, wiki iliyopita nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto, na mteja akalivaa gauni kabla hatujagundua, akatoka nje anatembea kama kaa. Tumecheka sote, ila nilipobaki peke yangu sikucheka. Cherehani hii haitanifikisha mbali tena. Na wewe ndiwe uliyeniambia kuwa hapo chuoni anayefeli mwaka wa kwanza harudii, nafasi yake hupewa mwingine anayesubiri mlangoni.

Kwa hiyo fundisha uandishi wako, vunja unachotaka kuvunja. Lakini sisi mafundi tuna adabu yetu: mkasi mpya haujaribiwi kwenye kitambaa cha mteja. Jaribu kwanza kwenye kipande chako.

Mwanangu nimemkabidhi kwako. Wewe ni mama yake mdogo, mama ni mama. Akikosea mkanye, akiuliza mjibu. Namtaka arudi na cheti, sitaki kingine.

Dada yako


Tarehe 19 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa heshima yako, usije ukanitumia kuku tena. Macho yanaendeleaje? Ulikwenda kupimwa, au bado unasema kesho?

Huku vita vimepamba moto. Kwenye kikao cha walimu yule wa umeme alisimama akasema, "Waya haujui insha. Mwanafunzi wangu akigusa penye moto ataruka, hataandika shairi." Walimu wakapiga meza kwa kicheko. Nikamjibu kwamba aliyeruka leo ataruka na kesho asipokaa chini akaeleza kwa nini aliruka. Mama Notisi akasema yeye hana ugomvi na mtu, ila vipindi vyake vina dakika zake, na kila dakika ya "niliona, nilihisi" inamlia ukurasa mmoja wa notisi. Mwishowe Mkuu wa Chuo akaamua kila somo litoe kipindi kimoja kwa wiki. Kimoja! Nimekipokea kama mtu mwenye njaa anavyopokea ukoko.

Sasa sikiliza. Kwenye hicho kimoja, mwanao ametoka na kitu. Nakunakilia, maana mwenyewe hawezi kukutumia, anasema utamsomea wateja.

"Leo nimemwosha mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Notisi zinasema mgonjwa aelezwe kila hatua kabla ya kuguswa. Nilimweleza, hakuitika. Nikadhani hasikii, nikasema kwa sauti zaidi, akafumba macho. Kisha nikaona kila mtu akipita nje yeye anavuta shuka. Nikaenda kufunga mlango. Niliporudi alikuwa amenyoosha mkono mwenyewe, tayari kuoshwa. Hakuwa kiziwi. Alikuwa na haya. Kesho nitafunga mlango kwanza, ndipo niseme."

Dada, nimesoma maandishi ya wanafunzi tangu nilipoanza ualimu, sijaona mwanafunzi akiacha kunakili akaanza kufikiri mbele ya macho yangu namna hii. Nimeubandika ukurasa huo kwenye mbao za matangazo, pale wanapopita wote. Kuna wageni wanakuja kuukagua mpango wetu kabla ya mtihani wa mwisho. Wakiridhika, vyuo vingine vyote vitaufuata. Nitawaonyesha ukurasa wa mwanao.

Mdogo wako


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima, na mimi ni mzima wa kupindukia, kwa sababu ni kweli, nimewasomea wateja. Nimemsomea mama wa duka la vitambaa, nimemsomea fundi viatu, nimemsomea na bwana aliyekuja kupunguza suruali tu, masikini, akakaa kwenye kigoda na suruali mkononi mpaka mwisho. Wote wamesema huyu ndiye muuguzi wanayemtaka siku wakilazwa. Mama wa duka alifuta machozi kwa kitambaa cha dukani, kisha akakikunja akakirudisha.

Nimeona fahari, sikufichi. Ila jambo moja linanikereketa.

Alipokuja likizo fupi alikaa karibu na cherehani yangu akinikariria hatua za kumwosha mgonjwa. Nawa mikono. Andaa vifaa. Mweleze mgonjwa. Linda faragha yake. Tulizisema mpaka mimi mwenyewe nikazishika, nikawa nazisema nikikanyaga pedali. Nikamwambia, mwanangu, umeiva. Akasema, "Mama, mama mdogo hataki tukariri." Nikamuuliza, na mtihani unataka nini? Akaokota vipande vya uzi sakafuni. Halafu akasema Mama Notisi kawaambia maandishi ya mbao za matangazo ni mazuri, ila baraza la mitihani halipiti kusoma mbao za matangazo.

Mimi sijui mambo ya vyuo. Sikubishii. Nakuuliza tu, na unijibu kama mdogo wangu, usinijibu kama mwalimu. Mtihani unasahihishwa kwa maneno ya nani? Ya mwanangu, au ya daftari la plastiki?

Dada yako


Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa ufupi, nimezama kwenye maandalizi ya wageni, hata chai naipata baridi. Hamjambo wote?

Usiwe na wasiwasi. Anayelielewa jambo hawezi kushindwa na anayelikariri. Wanaosahihisha nao ni walimu, wana macho. Kasuku ni miongoni mwa walio bora hapa, mwache aandike anavyojua. Ukimtia hofu ndipo utakapomharibu.

Macho, tafadhali, kapime.

Mdogo wako


Tarehe 25 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi tupo.

Kasuku ameshuka stendi juzi na godoro lake limefungwa kamba na ndoo juu yake. Nilikuwa namchukua vipimo mteja, nikamwona mlangoni, nikajua. Mtu aliyefaulu haji na godoro. Mteja naye akajua, akajifunga kitenge chake akaondoka bila kuaga. Mtoto akaweka ndoo chini, akasema, "Shikamoo mama," akaingia ndani akalala na viatu.

Jana ndiyo kasema, na mimi leo nakuandikia kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitakuonea haya, na sitaki kukuonea haya.

Swali liliuliza hatua za kumwosha mgonjwa kitandani. Mdogo wangu! Hatua zilezile. Mimi hapa, ambaye sijawahi kuvaa vazi la uuguzi, ningepita. Mwanangu akaandika: funga mlango kwanza, kwa sababu mgonjwa naye ana haya, na akiwa na haya hatakusikia. Akaeleza, akaeleza, akajaza karatasi. Msahihishaji alikuwa anatafuta maneno matatu tu, linda faragha yake. Hakuyaona. Kakata. Na lililofuata kakata, na lililofuata. Kufunga mlango si ndiyo kulinda faragha? Niambie wewe uliyesoma. Ni jambo moja lililovaa nguo mbili, na mwanangu amefelishwa kwa nguo.

Lakini siyo hilo lililonifanya nishike kalamu. Wasahihishaji siwajui, hatukunyonya ziwa moja.

Mtoto alikwenda kumuaga Mama Notisi. Yule mwanamke uliyenichekesha naye. Akamshika mkono, akalia, mtu mzima yule, akamwambia, "Mwanangu, kwa nini wewe? Mbona wenzako wote walirudi kwenye notisi?" Ndipo ikajulikana. Mwezi wa nane Mkuu wa Chuo aliwaita walimu wote, akawasomea maagizo ya baraza: mwaka huu alama zitatolewa kwa maneno ya mwongozo wa usahihishaji, neno kwa neno, kila mwalimu awaonye wanafunzi wake. Mama Notisi aliwaonya. Yule wa umeme aliwaonya, yule wa waya haujui insha. Mwanangu hata alipoonywa na Mama Notisi alisema, ngoja nimuulize mama mdogo.

Akaja kwako. Jioni, siku moja kabla ya mtihani, jikoni kwako, anakumbuka mpaka sufuria iliyokuwa mezani. Akakuuliza, niandike vipi? Ukamwambia, andika kama nilivyokufundisha.

Na ulikuwepo kwenye kikao kile. Mama Notisi anasema ulikaa karibu naye.

Nilikwambia akiuliza mjibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo, sikukiona.

Sitaki maelezo marefu. Nataka neno moja. Ulijua?

Dada yako


Tarehe 9 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Sina ujasiri wa kukuuliza hali.

Nilijua.

Uliomba neno moja, nimekupa. Sasa niruhusu mengine, hata kama utayachana. Siku ile ya kikao wageni walikuwa wameshapanga tarehe ya kuja. Ningesimamaje mbele ya darasa, na kurasa zao zimejaa ukutani, niseme rudini kwenye daftari la plastiki, tulikuwa tunacheza? Mwaka mzima nimewaambia maneno yao yana thamani. Wageni wangeingia wakawakuta wanakariri kama zamani, na mpango wote ungezikwa, na watoto wa baadaye wangenakili chafya mpaka mwisho wa dunia.

Na nilimwamini. Hilo nawe uliliamini. Nilisema moyoni, wengine huenda wasieleweke, ila Kasuku, nani atasoma maandishi yake asimpe alama? Nilitaka awe ushahidi. Nilitaka karatasi yake ifike mezani kwa msahihishaji impige kofi.

Nimekata rufaa. Nimeandika barua, nimekwenda mwenyewe, nimesubiri kwenye benchi. Wamejibu kwamba mwongozo ulifuatwa. Mkuu wa Chuo anasema nafasi yake imeshapewa mwingine.

Naomba niongee naye. Simu yake haiiti.

Mdogo wako


Tarehe 20 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Ni mwaka mpya, naomba uanze vizuri kwako na kwa mwanetu. Hukuijibu barua ya Novemba, na fedha nilizotuma Desemba kwa ajili ya macho yako zimerudi zilivyokuwa. Nimeelewa. Lakini damu haiwi maji, ndiyo maana naandika tena.

Nimesikia kwa mama wa duka la vitambaa kuwa Kasuku sasa anakaa kwenye cherehani yako na ana mkono mzuri. Anasema hazungumzi sana. Anasema redio ikiwashwa anaizima. Nililia, dada, amini usiamini.

Nina habari na nina ombi, na nimeshindwa kupata namna nzuri ya kuyaleta, kwa hiyo nayaleta yalivyo. Wageni waliridhika. Wameutaka mpango uende vyuo vingine, na mimi ndiye nimeteuliwa kuwafundisha walimu huko. Najua litakavyokufikia. Lakini nikiwa na nafasi hiyo naweza kupigania mwongozo wa mitihani ubadilike, ili lililompata Kasuku lisimpate mwingine. Ndiyo njia pekee niliyonayo ya kulipa.

Wanatoa kitabu kidogo cha mfano kwa ajili ya walimu. Kamati imeusoma ukurasa wake, ule wa mlango, na wote wamesema ndio uwe wa kwanza. Hawatautumia bila ruhusa ya mzazi. Hawajui kuwa mzazi ni dada yangu.

Nakuomba. Mfanyie mtoto hili, walau maneno yake yafike pale ambapo yeye hakufika. Ukikubali niandikie mstari mmoja, utatosha.

Msalimie. Mwambie mama yake mdogo anamsalimu.

Mdogo wako


Tarehe 3 Februari

Mwalimu,

Umeomba ruhusa ya kuchapisha ukurasa wa binti yangu. Salamu nimeziacha, kama ulivyonifundisha.

Nimemuuliza mwenyewe. Alikuwa anapinda ukingo wa shuka, hakuinua kichwa. Alisema, "Wape." Nikamuuliza kama ana neno la kuongeza. Akasema maneno yake mwenyewe hayataki tena.

Kwa hiyo la kuongeza ni langu mimi. Ruhusa umepata kwa sharti hili. Chini ya ukurasa huo, kwa herufi zilezile, bila maelezo yako, mchapishe: Aliyeandika haya alifeli. Aliuliza aandike vipi, na aliyemjibu alijua.

Pasipo mstari huo, ruhusa hakuna.

Mzazi wa mwanafunzi